Tulivyopima mafuta ya kigari kwa kijiti cha mwanzi, na siku kijiti kilipotudanganya njia ya Madimba

Wakuu, kama yupo humu wa kunizidi umri namwamkia shikamoo. Waliobaki wote, marahaba.

Mimi ni msomaji wa kimya. Nimeusoma ule uzi wenu wa consumption ya vigari vidogo, mnavyotukanana kwa sababu ya kilomita moja kwa lita, nikacheka peke yangu mpaka uji ukapoa.

Leo na mimi naandika. Nina miaka themanini na ushee, naandika kwa kidole kimoja, herufi zikikosewa mnisamehe. Ninachosimulia kilinipata mwilini mwangu mwenyewe. Anayetaka kusema ni chai aseme, ila asubiri nimalize.

Ilikuwa miaka ya hamsini, mwanzoni. Mradi wa karanga ulikuwa umevunjika na Wazungu wanafunga mizigo, wanauza kila kitu mpaka mbwa.

Mume wangu Hamisi, Mungu amrehemu, alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja pale Mikindani. Akanunua kigari kidogo kwa Mzungu aliyekuwa anaondoka. Milango miwili, rangi ya maziwa yaliyoganda, taa moja inaona na nyingine haioni.

Geji ya mafuta ilishakufa. Ujaze usijaze, sindano imelala palepale. Na petroli siku hizo ilikuja kwa meli, kwenye madebe. Masika meli ikichelewa, mwenye gari anatembea kwa miguu kama sisi wengine.

Hamisi hakupenda kubahatisha. Akachonga kijiti cha mwanzi, akamwaga petroli yote nje ya tangi, kisha tukaanza kuirudisha chupa kwa chupa. Mimi nashika mrija, yeye anatumbukiza kijiti, anaangalia pameloa mpaka wapi, anakata alama kwa kisu. Chupa moja, alama moja. Nilinuka petroli wiki nzima, hata wali wangu watu waliususia.

Sasa hapa naomba msome polepole.

Nyumba yetu ilikuwa kwenye mteremko, chini ya kile kilima cha Mikindani. Betri ya kigari ilikuwa imechoka, kwa hiyo Hamisi alikiegesha siku zote pua ikitazama chini. Asubuhi anatoa jiwe, kinateremka chenyewe, anaachia klachi, kinawaka. Wenye magari chakavu wote mjini walifanya hivyohivyo.

Kwa hiyo alama zile tulizikata gari likiwa limeinamisha pua. Tangi lilikuwa nyuma, na mdomo wa kujazia uko mwishoni kabisa mwa tangi. Hakuna aliyelifikiria hilo. Kila alipopima, alipima palepale nyumbani, na hesabu ilikuwa inakubali.

Basi akaanza kubana matumizi. Wataalamu wa hypermiling mnaojisifu humu, yeye aliyafanya hayo kabla baba zenu hawajazaliwa. Matairi anayapiga pampu mpaka yanalia kama ngoma. Kabureta anaisafisha kila Ijumaa kabla ya sala. Kila mteremko anaweka free. Akang'oa kiti cha nyuma ili gari liwe jepesi, akakitundika darini.

Na kweli, mafuta yaliyokuwa yanatupeleka Mtwara na kurudi yakawa yanatupeleka na kubaki. Watu wakamwita Bwana Kijiti. Alijifanya hapendi, lakini alipenda.

Nikashika mimba, ya kwanza.

Kwetu mimba ya kwanza unakwenda kuzalia kwa mama yako. Kwetu mimi ni mbele ya Madimba, kuelekea mdomo wa Ruvuma. Madimba hiihii mnayoijua leo kwa gesi. Wakati ule ilikuwa mihogo, mikorosho michache na njia ya mchanga ambayo lori likipita wiki hii linazungumzwa mpaka wiki ijayo.

Niseme ukweli, nilikwenda kwa hofu. Dada yangu Zainabu alikufa kwa uzazi katika nyumba ileile. Mtoto alikaa vibaya, akashindwa kutoka, na hakukuwa na kitu cha kumpeleka hospitali. Chumba nilichopewa ndicho alichofia. Nililala nikiangalia boriti ambazo yeye aliziangalia.

Hamisi akaja kunitazama na kigari chake, amebeba mchele na khanga. Alikiegesha mbele ya nyumba, kwenye uwanja ulionyooka kama meza.

Jioni ileile mama akaleta ombi. Mjue kwamba mama mkwe na mkwe kwetu hawakutazamana usoni. Mama alisemea nyuma ya ukuta wa makuti wa jikoni, mimi nikiwa katikati.

"Mwambie mkwe, pikipiki ya mjomba wako imekauka. Kama hatapungukiwa, ampunguzie kidogo."

Mjomba kwetu ndiye mwenye sisi, maana ukoo tunauhesabu kwa mama. Na mama mkwe akiomba, mkwe hasemi hapana. Hata hivyo Hamisi alikwenda kwanza kupima, ndiyo mara yake ya kwanza kukitumbukiza kile kijiti nje ya nyumbani. Akarudi meno yote nje.

"Gari limekunywa kidogo ajabu! Mwambie mama hakuna neno, yapo ya kutosha na kuzidi."

Akanyonya kwa mpira, akajaza chupa za mjomba. Hata za kuongezea akampa.

Alfajiri uchungu ukanianza, kabla ya wakati wake.

Jua lilipopanda, Bi Somoe mkunga alinipapasa tumbo, akanyamaza. Mkunga akinyamaza, wakuu, ni kitu cha kutisha kuliko akipiga kelele. Alitoka nje, nikamsikia akimwambia mama: "Amekingama. Kama yule mwingine."

Mama hakulia. Alikaa chini tu, pale mlangoni, kama mtu aliyekatwa miguu.

Wakanitandikia mkeka ndani ya kigari, pale palipokuwa na kiti cha nyuma. Bi Somoe akakaa mbele. Mama hakuweza kupanda gari moja na mkwe wake, na nafasi yenyewe haikuwepo. Akasema atakuja kwa miguu. Nilipomwona anapungua nyuma yetu kwenye vumbi, niliamini kwamba simwoni tena.

Niliogopa. Siyo kuogopa kwa kusema tu. Meno yalikuwa yanagongana na jua linawaka.

Kila shimo nililisikia mgongoni. Na Hamisi anakwenda polepole, maana mchanga ukiukimbilia unakula mafuta. Mteremko ukija anaweka free na kuzima injini, basi nasikia ukimya, upepo na pumzi zangu mwenyewe. Nilitamani kumpiga.

Tulipofika kwenye bonde moja kabla ya Ziwani, uchungu ulinibana nikapiga ukelele asimame. Akasimama kwenye mteremko, pua chini. Bi Somoe akanishika. Nageuza macho, namwona bwana wangu anatumbukiza kijiti kwenye tangi.

Nikamwambia, "Mimi nakufa, wewe unapima!"

Alikuwa anakitazama kijiti. Akakifuta kwa shati, akatumbukiza tena. Kisha akalala chini ya gari, akapapasa tangi lote, akanusa vidole. Pakavu.

"Yamekwenda wapi?" akasema. Hakutuuliza sisi.

Hamisi sikuwahi kumwona na sura ile. Alitazama kijiti, akatazama mteremko, akatazama nyuma tulikotoka. Akaunyoosha mkono wake sawa mbele yake, kisha akauinamisha polepole kama anayemimina kitu. Hapo na mimi nikaelewa, hata na uchungu ule. Uwanjani kwa mama gari lilisimama sawa, petroli ikarudi nyuma chini ya mdomo wa tangi, kijiti kikaloa juu kuliko kawaida. Yale mengi aliyoyaona hayakuwepo. Na sehemu ya yaliyokuwepo ilikuwa kwenye pikipiki ya mjomba.

Nikamuuliza, "Yatatufikisha?"

Mtu huyu siku zote alinijibu kwa maili na chupa. Akasema, "Sijui, mke wangu."

Bi Somoe akaanza kusoma Yasini, sura wanayosomewa wanaokata roho, kwa sauti ya chini. Nilimwomba anyamaze. Hakunyamaza.

Tukateremka na free mpaka chini, kisha ikabidi kupanda upande wa pili. Nusu ya kilima injini ikakohoa, ikakata. Mafuta yaliyobaki yalikuwa yanakimbilia nyuma ya tangi, na bomba la kunyonyea liko mbele. Kigari kikaanza kurudi nyuma na mimi ndani, chali, miguu ikitazama mbinguni. Nikashika chuma cha sakafu mpaka kucha zikakatika.

Hamisi alikiacha kirudi mpaka chini, akakigeuza, matako yakatazama kilima. Akasukuma kidogo, akarukia ndani, akakiwasha kwa rivasi.

Tulipanda kilima kile kinyumenyume, wakuu. Pua chini, petroli ikakaa mbele ilipotakiwa. Injini inalia kama mbuzi anayechinjwa, Hamisi kichwa nje ya mlango, Bi Somoe amefumba macho. Mimi naona kupitia kioo cha mbele bonde linashuka na kushuka, nasubiri ikate tena. Ikikata hapo tunabingirika wote watatu, na yule wa nne.

Haikukata mpaka juu. Juu pale ndipo ikakata, na safari hii hakuna kijiti kilichohitajika.

Mashamba ya mihogo ya Ziwani yalikuwa pande zote mbili. Hamisi aliita mara moja tu. Watu wakaacha majembe wakaja. Wakatazama ndani, wakaniona, hawakuuliza maswali. Wakaanza kusukuma.

Hapa ndipo nilipoogopa kuliko pote.

Walikuwa wanapokezana. Mmoja anasukuma hatua chache, mwingine anakuja mbio, anaingiza bega, wa kwanza anatoka. Kila aliyekutwa njiani anaingiza bega. Na ili waende pamoja, wakawa wanavuta "La ilaha illa Llah" kwa sauti nzito. Mnajua ni wakati gani wanaume wanapokezana hivyo, na kuimba hivyo. Mimi nimelala chali, nimefunikwa khanga, naona mabega yanabadilishana dirishani.

Nikafikiri labda nimeshakufa na sijaambiwa.

Nikapiga kelele, "Sijafa! Niteremsheni, sijafa!"

Mzee mmoja akaingiza kichwa dirishani, jasho linamtiririka, bila kuacha kusukuma.

"Tunajua, mama. Makaburi yetu yako kule tulikotoka. Ungekuwa umekufa tungekwenda kule."

Wallahi nilicheka. Nililia na kucheka, na uchungu ukaja juu yake. Walinisukuma hivyo, watu wakiishia wengine wakianzia, mpaka mlango wa hospitali Mtwara.

Sitasimulia ya ndani, yana aibu na maumivu yake. Niliamka tumbo limeshonwa, na pembeni kuna kitu kidogo chekundu kinanitazama kwa hasira. Msichana. Tukamwita Zainabu.

Mama alifika kwa miguu kesho yake, nyayo zimepasuka. Alimbeba mtoto, akanibusu, lakini chakula alichopewa akakisukuma kando. Habari ilikwishamfikia njiani kwamba Bwana Kijiti aliishiwa mafuta. Mji mzima ulikuwa unacheka.

Siku niliyotoka hospitali mama alikuja nami mpaka kwangu Mikindani. Akasimama nyuma ya mlango, Hamisi yuko uani. Safari hii hakupitia kwangu.

"Mkwe. Yale mafuta niliyokuomba ndiyo yaliyopungua?"

Hamisi akajibu palepale, "Hapana mama. Tangi lilitoboka."

"Lilitoboka?"

"Lilitoboka njiani. Yale ya mjomba yasingesaidia kitu."

Mama akasema atalitazama hilo tundu kesho, kukiwa na mwanga mzuri.

Baada ya mama kwenda kwa jirani kuswali alasiri, nilisikia nyundo. Nikajikokota mpaka dirishani na mtoto kifuani. Hamisi alikuwa amelala chini ya kigari chake, na msumari. Alipiga, akasita, akapiga tena. Petroli aliyoazimwa na tajiri wake ikaanza kuingia mchangani. Mtu ambaye alikuwa anakamulia mrija kwenye chupa asipoteze tone.

Aliponiona akaweka kidole mdomoni. Kisha akaziba tundu kwa sabuni ya mche, na fundi wa masufuria akaja kuyeyushia risasi juu yake.

Kesho yake mama aliinama, akakigusa kile kiraka kwa ncha ya kidole. Akavuta pumzi ndefu sana. Ndipo akala chakula, mara ya kwanza tangu afike.

Kiraka hakikushika vizuri. Kigari kilidondosha mpaka siku kilipouzwa, na ile consumption aliyojivunia haikurudi tena. Watu walipomtania alisema tangi bovu, basi. Mama yangu aliishi miaka mingi baada ya hapo na alikufa akiamini lile tundu.

Nilichojifunza nawaachia. Kabla ya kuniambia gari yako inakula lita ngapi, niambie ulipima ukiwa umesimama wapi. Na mwanaume akiwa hajui, aseme hajui. Neno lile ndilo lililonifanya nimwamini alipokigeuza kigari kinyumenyume.

Karibuni mchangie, na mnaojua njia za kupima zilizo bora mtufundishe. Kumcheka Bwana Kijiti pia ruksa. Alishakubali kuchekwa, na sasa mnajua kwa nini.