Dhambi za Darasa la Tano

Mwezi uliopita nilirudi Kianjai kwa harusi ya binamu yangu, na kwa kuwa nilifika mapema, nikaingia kanisani nikae. Si lile letu la mbao. Hili ni la mawe na lina feni. Kwenye kona kuna kijumba cha maungamo kilichopakwa vanishi, na ndani yake wamepanga viti vya plastiki. Niliviangalia vile viti nikingoja kusikia uchungu. Sikusikia kitu. Nikaona afadhali niandike, ingawa shule yangu iliishia darasa la saba na pengine mengine nimeyasahau.

Zamani padre alitufikia Jumamosi moja kwa mwezi, kwa pikipiki, akatuungamisha, na kesho yake akasoma Misa. Asubuhi hiyo sisi watoto tulifagia kanisa na kunyunyiza maji ili vumbi lisiruke. Katekista alitundika leso kwenye kamba, akaweka kiti cha padre upande mmoja na gunia la kupigia magoti upande wa pili. Gunia lilikuwa limetoboka mahali pa magoti, matundu mawili, kama macho. Watu walikaa kwenye benchi wakisogea mmoja mmoja. Hakuna aliyeona haya kwenda. Haya ilikuwa kukosa.

Padre wa kwanza alikuwa Mzungu mzee, lakini Kimeru alikisema kama mtu aliyekaa sana na wazee. Kila mwezi nyanya yangu alimwambia lile lile, kwamba bado hajamsalimu mdogo wake, na kila mwezi akaambiwa ajaribu. Haikuwa siri, nyanya mwenyewe alilisema akichagua maharagwe. Walipomzika mama yao, mdogo wake alisema mbele ya watu kwamba nyanya alikuwa akija tu nyama ikiwa imeiva. Sijui kama ilikuwa kweli. Nyanya wakati huo alikuwa na watoto wadogo, na mdogo wake ndiye aliyemwosha mama yao mpaka mwisho. Naona kila mmoja alikuwa na lake la kusema.

Kisha padre huyo akaugua, akarudishwa kwao. Aliyekuja baada yake alijua Kiswahili tu. Katekista akawaambia kina mama wazee wasiwe na wasiwasi, waungame kwa Kimeru, Mungu atasikia. Wengi walikubali, na sioni kama walikosea. Nyanya alikataa.

"Mungu anajua tangu zamani," alisema. "Mimi nataka mtu anisikie."

Basi akaniita nimfundishe. Nilikuwa darasa la tano. Nikamuuliza anataka dhambi gani kwa Kiswahili. Mikono yake ilikuwa ndani ya ungo wa maharagwe.

"Nipe zako. Zangu si za mtoto kubeba."

Nikampa zangu, kama tulivyofundishwa kwenye mafundisho ya Komunyo: sikutii wazazi, nilichelewa shule, nilimwita mwenzangu mbwa. Alizirudia huku akitupa mawe ya maharagwe mlangoni, na kuku wakikimbilia wakidhani ni chakula.

Jumamosi ilipofika nilikaa benchi nyuma yake. Kwa sababu lugha ilikuwa ngeni kwake, aliisema kwa nguvu, kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto. "Sikutii wazazi. Nilichelewa shule." Benchi lote likatikisika. Jirani yetu, mama mnene aliyependa mzaha, akanong'ona kwa Kimeru kwamba basi mwalimu amchape. Hata mimi nilicheka. Padre hakucheka, au alicheka nisisikie.

Nyanya alipotoka aliniuliza maana ya maneno aliyopewa. Yalikuwa haya: asali Salamu Maria, aende kwa wazazi wake awaombe msamaha. Mpaka leo sijui kama padre alidhani nyuma ya leso kuna mtoto mwenye sauti nzito, au alijua anachofanya. Jirani alimwambia aachane nayo, wazazi walishaoza. Nyanya akasema malipizi ni malipizi, na asipoyatimiza, kesho hawezi kupokea Komunyo. Lakini wazazi wake walizikwa kwenye boma la zamani, na mwenye boma sasa alikuwa yule mdogo wake, aliyerudi nyumbani ndoa iliposhindikana.

Alichukua panga, tukaenda mchana huo huo. Nyasi zilikuwa zimefunika makaburi. Nyanya akaanza kufyeka bila kubisha hodi. Mdogo wake akatoka, akasimama karibu na ghala. Hakuna aliyesalimu. Mimi nilitamani kurudi nyumbani. Baadaye yule mama akaingia ndani, akatoka na panga lake, akaanza upande wa pili. Walifyeka hadi wakakaribiana.

"Umechelewa," akasema mdogo mtu.

"Hata padre nimemwambia hivyo."

Yule mama akaleta uji wa wimbi, kibuyu kimoja, wakanywa kwa zamu. Siwezi kuandika kwamba walipatana. Hawakutembeleana sana. Lakini walisalimiana, na nyanya alipofariki, mdogo wake ndiye aliyemwosha.

Padre wa sasa ni kijana wa hapa hapa, Kimeru anakisikia chote. Siku ile ya harusi alinikuta nikikodolea macho kile kijumba, akaniuliza kwa heshima, "Mama, ungependa kuungama? Naweza kutoa viti." Alisema bado anafungua Jumamosi, ila watu hawaji, na hakulaumu mtu. Nilitafuta la kusema, kwa Kimeru, kwa Kiswahili. Halikuja.

"Usijisumbue, Father," nikamwambia.

Wageni walikuwa wameanza kufika, kwa hiyo viti tulivitoa tu, mimi na yeye, tukavipeleka nje kwenye hema. Niliporudi kuchukua cha mwisho niliona ubao wa kupigia magoti. Vanishi yake ilikuwa nzima, haina alama.