Siku Tuliyoandika Sifuri

Mama alitukataza kuhesabu vifaranga. "Ukihesabu unamwita mwewe," alikuwa akituambia, kofi liko juu tayari. Mama angefufuka leo akakuta binti zake wawili, watu wazima na mvi zao, wamekaa kilimani wakihesabu mwewe wenyewe, sijui angeanza kumchapa nani. Nadhani angeanza na dada, maana mambo haya aliyaleta yeye.

Dada yangu ni mwalimu mstaafu, na ualimu haujamtoka. Miaka ya nyuma alipita mtaalamu wa ndege huku kwetu Mbozi, akamwachia darubini na daftari, akamwomba ahesabu mwewe wageni: wale wadogo wenye miguu myekundu, wanaotoka nchi za baridi na kupita juu ya kahawa yetu mvua zikianza, kumbikumbi wakitoka. Hawana habari na vifaranga vya mtu. Lakini huku kwetu kila chenye kucha kinachoruka ni mwewe, na kuku nao wanaona hivyohivyo.

Mmoja wetu anashika darubini, mwingine anashika kopo. Wa darubini akisema "kumi", wa kopo anadondosha punje moja ya mahindi. Jioni tunahesabu punje na kuandika. Zamani darubini ilikuwa ya dada, mimi wa kopo. Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu. Hospitali wakasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na la kushoto lisingojewe. Basi tukabadilishana, nikawa mimi ndiye macho.

Mwaka ule tukatangaziwa kanisani kwamba madaktari wa macho wanakuja wilayani, wiki moja tu, upasuaji bure. Nikamwambia dada tukajiandikishe. Akagoma. "Kundi kubwa likishapita, siku hiyohiyo nakwenda. Siwezi kulala na bandeji ndege wangu wakipita." Nikamwita mkaidi, akaniambia mkaidi ni mimi ninayebishana na mkubwa. Kundi kubwa hupita siku moja tu kwa mwaka, na kwake bila hilo hesabu yote ni bure.

Jumamosi, siku mbili kabla madaktari hawajafika, tulikaa kilimani tangu asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika. Mwili wangu ulikuwa kilimani, roho iko Tunduma. Jioni ile kulikuwa na sendofu ya binti wa rafiki yangu, sherehe ya kumuaga kabla ya harusi, na sare yangu, kitenge cha kijani kutoka upande wa Zambia, ilikuwa bado kwa fundi kule Chapwa. Kijana wa bodaboda alikuwa amekwishanipigia mara mbili. Ndipo nikainua darubini.

Jamani, walikuja! Walitoka nyuma ya wingu, wakazunguka, wakapanda juu, na wengine nyuma yao, na wengine tena. Kuwahesabu wale kumi kumi ingechukua saa mbili nzima. Dada alikuwa ameshika punje mkononi, uso ameuelekeza juu, anangoja.

"Vipi?" akauliza.

"Hamna, dada. Anga tupu."

Hata leo sijui ulimi ulipata wapi ujasiri ule. Chini kwenye nyumba za watu kuku wakaanza kelele, zile za kuwaita vifaranga wajifiche. Dada akageuza kichwa.

"Mbona kuku wanapiga kelele?"

"Mbwa," nikasema. "Kuna mbwa anawafukuza."

Akarudisha punje mfukoni. "Haya, andika sifuri."

Nikaandika. Nikamshika mkono tukateremka, na njia nzima ndege walikuwa juu ya vichwa vyetu. Jioni nilivaa sare yangu, nikacheza, nikala pilau. Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu yalikuwa mlangoni Jumatatu asubuhi.

Maana Jumatatu dada alikataa kwenda kwa madaktari. Kundi bado. Jumanne vilevile. "Labda mwaka huu wamepita kwingine," nikamwambia. "Hawajawahi," akajibu. Akakaa pale na mwavuli wake, mvua inampiga miguuni, punje mkononi, anawangoja ndege waliokwisha kupita. Kila siku nilifungua mdomo, nikaufunga. Neno moja tu lingemshusha kilimani. Aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko huruma yangu kwake, huo ndio ukweli, na siupambi. Jumamosi madaktari walifunga vifaa vyao wakaondoka.

Alikuja kupasuliwa mwaka uliofuata, mbali na nyumbani. Jicho la kulia likafunguka. La kushoto daktari akasema presha ya macho imekwisha kuliua, tumechelewa. Dada akaomba nami niingie wodini, akanishukuru mbele ya manesi kwa jinsi ninavyomhangaikia. Nilitoka nje nikalia mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa.

Novemba iliyopita tulipanda tena. Darubini ameirudisha kwake, anachungulia kwa jicho moja. Mimi na kopo langu. Mchana kuku kule chini wakaanza kelele, zilezile. Dada akashusha darubini, akasikiliza kwa muda mrefu. Akaiinua tena, akaikuta ile mikururo ya ndege juu.

"Kumi," akasema. "Kumi. Kumi."

Punje zikalia ndani ya kopo. Kisha, bila kunigeukia, akauliza:

"Siku ile ya mbwa. Walikuwa wangapi?"

Angenitukana ningeshukuru. Angenipiga kofi la mama ningelipokea kwa mikono miwili. Lakini dada alitaka namba tu, aiandike pale penye sifuri.

"Sikuhesabu, dada."

Ndege walikuwa bado wanapita, na mkono wangu ulikuwa juu ya kopo.

"Kumi," akasema, nami nikadondosha punje.