Hodi Isiyoitikiwa

Bosi wangu wa kwanza katika kazi ya kuandika vichekesho vya televisheni alikuwa Mwingereza aliyewahi kuwa mashuhuri zamani, na hilo neno "zamani" lilimkera kuliko tusi. Aliletwa Toronto na kampuni iliyotaka kutengeneza kipindi kuhusu familia ya Kiafrika inayoishi kwenye fleti za kupanga, mtaa wa Parkdale. Ukiuliza kwa nini familia ya Kiafrika iandikiwe utani na mzee wa London, unaambiwa ana uzoefu. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ni Mtanzania, nimewahi kupanga Parkdale, na nilikuwa nimeandika mchezo mmoja mfupi wa jukwaani ulioonyeshwa mbele ya watu ambao nusu yao walikuwa rafiki zangu. Yeye akaitwa mwandishi mkuu. Mimi nikaitwa mwandishi, ila kila mgeni alipoingia ofisini nilitambulishwa kama mshauri wa utamaduni.

Niseme kidogo habari za huo ukuu wake. Ujanani aliandika kipindi kilichopendwa sana kwao, cha wapangaji wanaomkimbia mwenye nyumba. Mwenye nyumba akibisha mlango, wapangaji wote wanajificha nyuma ya kochi. Watu wakacheka. Akaandika cha pili, cha hoteli, wafanyakazi wakawa wanamkimbia meneja na kujificha nyuma ya kochi. Cha tatu kilikuwa cha mapadri wanaomkimbia askofu, na nyumba ya mapadri nayo ilikuwa na kochi. Hicho cha tatu kilikufa mapema, cha nne hakikuzaliwa, na kuanzia hapo aliishi kwa kualikwa vyuoni kuwafundisha vijana namna ya kuchekesha. Kwetu Tabora vipindi vyake havikufika, Mungu alitunusuru, lakini pale ofisini alituonyesha vipande vyake kila alipopata nafasi. Alikuwa anasimamisha picha na kutuuliza, "Mmeona? Mmeona alivyoinama?" Tulikuwa tumeona. Mtu ameinama nyuma ya kochi.

Chumba chetu kilikuwa Don Mills, kwenye jengo la ofisi lenye maegesho makubwa kuliko jengo lenyewe. Tulikuwa yeye, mimi, na vijana wawili wa Kikanada wenye adabu ya kuchosha. Wale vijana waliomba radhi kabla ya kutania, na utani ukishindwa wakaomba tena. Mwingereza akisema upuuzi, waliangalia meza. Nikisema mimi neno la maana, walinishukuru kwa kushiriki. Siku nzima tulikaa tukitafuta vicheko, na sijawahi kufanya kazi mahali penye huzuni kama pale, na nimefanya kazi wodini.

Maana mimi nilikuwa muuguzi. Niliacha uuguzi kwa ajili ya hiyo kazi, na mama yangu hakunisamehe. Mama anaishi Mississauga, mji wa jirani, kwenye fleti ya chumba kimoja karibu na kituo cha treni, na kabla ya kustaafu alitunza wazee katika nyumba za wazee. Kwake yeye kazi ni ile inayokufanya urudi nyumbani miguu imevimba. Kanisani, kwenye ibada yetu ya Kiswahili, akiulizwa habari zangu alijibu, "Yuko ofisini, Don Mills," na kunyamaza hapo hapo. Neno vichekesho hakulitaja, kama vile nimefungwa jela.

Nami nilitaka kitu kimoja tu: mama acheke kwa jambo nililoliandika mimi. Si kwamba ni mtu mgumu wa kucheka. Mama anacheka mchungaji akiruka ukurasa wa mahubiri, anacheka watu wakiteleza kwenye barafu, anajicheka mwenyewe akisahau miwani kichwani. Ila kazi zangu nikimsomea alikuwa akizisikiliza kama mtu anayesomewa majibu ya vipimo. Nikimaliza, ananiuliza kama nimekula.

Ndipo nikaandika onyesho la hodi. Familia imekaa mezani, leo kuna nyama, na jirani mlafi anapiga hodi. Mama wa kwenye kipindi anaitikia, "Karibu! Karibu sana!" kwa sauti ya asali, huku mikono yake inasukumia sufuria ya nyama ndani ya oveni. Jirani anaingia na kukuta watu wazima wanakula ugali na mchicha, na harufu ya nyama imejaa mpaka darini. Mdomo unakaribisha, mikono inafukuza. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu utotoni, na nyumba niliyoliona siitaji.

Mwingereza alilisoma, akatabasamu, akachukua kalamu. "Wanaitikia haraka mno," alisema. Akafuta zile "karibu" zote. Akafuta nyama, akafuta oveni. Alipomaliza, jirani alikuwa nje anapiga hodi mara tano, sita, sauti ikizidi kupanda, na familia nzima imejibanza nyuma ya kochi, kimya.

Nilimweleza kwamba hodi si kugonga mlango. Hodi inaitikiwa. Hata mtu usiyempenda unamwitikia, ukamchukie akiwa ndani, amekaa, ana kikombe cha chai mkononi.

"Hiyo ndiyo sababu inachekesha," alisema.

"Haitachekesha. Itatisha."

Mtayarishaji wetu, mama mmoja aliyekuwa na tabia ya kukubaliana na yeyote aliyezungumza mwisho, alimgeukia Mwingereza. Mwingereza akazungumza mwisho. Asiyejua maana haambiwi maana, nikarudi mezani kwangu na hasira zangu.

Kipindi kilirekodiwa mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini, kwa sababu Mwingereza alikataa kabisa kufanya kazi bila watu wa kucheka. Mtayarishaji akataka watazamaji wanaofanana na familia ya kwenye kipindi, na kama kawaida mshauri wa utamaduni akaombwa awatafute. Nikampigia mama. Nilitegemea atakataa. Kumbe alikuwa anangoja kwa hamu kuona hicho nilichoachia uuguzi, na Jumamosi mchana akashuka mbele ya studio na kanisa zima kwenye basi la kukodi. Watanzania na Wakenya walivaa vitenge vipya. Wakongo walikuwa wamependeza kupita maharusi. Walikuwa wameshaombea kipindi njiani, mama akiongoza, na mama akaketi mstari wa mbele, mkoba mapajani.

Kila studio ya aina ile ina mtu wa kuwachangamsha watazamaji kabla ya kazi kuanza. Wetu alikuwa kijana mwenye viatu vyekundu, akawaambia, "Jisikieni mko nyumbani!" Nao wakatii.

Taa zikawaka. Familia ikajibanza nyuma ya kochi. Mwigizaji aliyeigiza jirani akasimama nje ya mlango wa mbao nyepesi akaita, "Hodi!"

"Karibuuu!" ukumbi mzima ukaitikia, kwa sauti moja, kwa adabu zote.

Wakasimamisha kamera. Kijana wa viatu vyekundu akaja mbio kuwaomba wasijibu. Wakamwomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kifaransa. "Sorry, sorry, tumesahau," mama mmoja alisema akijipiga kofi mdomoni. Wakaanza upya. Jirani akapiga hodi, kimya. Akapiga tena, kimya, ila unaona viti vinahangaika. Mara ya tatu nikasikia sauti ninayoijua tangu tumboni.

"Karibu baba, pita ndani! Wapo, wamejificha tu!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha kwanza nilichokisikia tangu niajiriwe, na aliyekileta alikuwa mama yangu, aliyekaa pale akishangaa wenzake wanacheka nini. Mwingereza aliiva uso kwa hasira. Akaniuliza yule bibi amesema nini. Nikamtafsiria.

"Mwambie yeye si mwandishi," alisema.

Sikumwambia mama. Mtayarishaji mwenyewe alitoka mbele, akawasihi sana wanyamaze, akawaeleza kwamba muda wa studio unakwisha. Watu wetu wakiombwa na mtu mzima aliyekutanisha viganja kifuani, wanasikia. Wakanyamaza kabisa.

Hodi. Hodi. Hodi, jamani, hodi! Jirani anaita, ndani kimya, watu wamejikunja nyuma ya kochi, na ukumbini hakuna aliyecheka hata kwa pua. Niliangalia zile nyuso zikibadilika. Mama mmoja alijifunika mdomo kwa upande wa kitenge. Mzee wa Kikongo alivua kofia. Mama yangu aliinama akaangalia mkoba wake, na hakuinua kichwa mpaka onyesho lilipokwisha.

Nilijua wanaona nini. Miaka michache kabla ya hapo, mzee mmoja wa kanisa letu aliyeishi peke yake Parkdale hakuonekana ibadani. Waumini wenzake wakaenda kumtazama, mama akiwa mbele na chakula kwenye hotipoti. Alipiga hodi kwenye ule ujia wa ghorofa mpaka sauti ikamkauka, wenzake wakampokea, majirani wasiojua Kiswahili wakachungulia. Mwishowe msimamizi wa jengo akaja na funguo. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, amekwisha kuwa baridi. Hodi isiyoitikiwa waliijua maana yake, na sisi tulikuwa tumewakodia basi waje kuitazama.

"Watu wako hawana ucheshi," Mwingereza aliniambia akipita.

Nje, kabla ya kupanda basi, mama alinishika mkono. "Mwanangu, kile ndicho kichekesho?"

"Mama, si mimi niliyeandika vile. Amebadilisha."

"Jina lako si lipo pale?"

Lilikuwepo. Akapanda basi. Niliona aibu iliyonishinda hata kumuaga vizuri, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa namtukana Mwingereza kwa Kinyamwezi, lugha ambayo naijua zaidi kwa matusi.

Kipindi kikarushwa hewani, siku ya Jumapili. Mama aling'ang'ania nikakiangalie kwake baada ya ibada. Alipika pilau, akazima simu, akaweka kiti chake karibu na televisheni. Jina langu lilipotokea alilisoma kwa sauti, na nilimwona amejikaza kufurahi. Kisha familia ikakimbilia nyuma ya kochi, jirani akaita hodi, na pale pale kicheko kikubwa kikalipuka ndani ya televisheni, watu wakishindwa kupumua, mwanamume mmoja akikoroma kwa raha.

Mama aliweka sahani chini. "Hao ni akina nani?"

"Watazamaji."

"Watazamaji tulikuwa sisi. Sisi hatukucheka."

Ikabidi nimweleze. Vile vicheko vilipachikwa baadaye. Mwingereza alikuwa amehifadhi kanda za kipindi chake cha kwanza, akasafiri nazo hadi Toronto, na watu wetu waliponyamaza alitoa vicheko vyake vya zamani na kuvibandika juu ya kimya chao. Ofisini alijisifu kwetu kwamba ni vicheko halisi vya watu wa London, si vya kununua.

"Vya lini?"

"Vya kabla sijazaliwa."

Mama alipiga hesabu kimoyomoyo. "Basi wengi wao wameshakufa."

"Nadhani hivyo, mama."

Jirani akaita tena hodi. Wafu wa Kiingereza wakacheka tena, yule wa kukoroma akiwaongoza. Mama alitazama kile kioo, midomo ikaanza kumcheza.

"Watani," alisema.

Kwetu mtani haalikwi msibani, anakuja. Anafika watu wanalia, anamkejeli marehemu, anazuia jeneza lisitoke, anafanya vituko mpaka wafiwa wanacheka na machozi yao, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Yule mzee wa Parkdale tulimzika bila mtani hata mmoja. Tulisimama kwenye theluji kwa heshima, tukaondoka.

"Kumbe ni watani!" mama alipiga kelele. "Hodi haiitikiwi, ndani kuna maiti, na watani wameshafika! Wazungu! Tena wenyewe marehemu!" Akacheka. Alicheka akashika mkono wa kiti, kilemba kikamtoka, machozi yakamshuka. Kila wafu walipocheka, naye alidakia. Mtu angepita nje ya mlango wetu angesema kipindi kinachekesha kweli. Alimcheka Mwingereza, alinicheka mimi na jina langu pale kwenye kioo, na nadhani alimchekea na yule mzee wa Parkdale, kwa kumlipia deni la siku ile. Nilikaa na sahani yangu ya pilau, nimefurahi na nimeumia, nikimwangalia mama yangu akicheka kuliko nilivyowahi kumwona, na hakuna neno langu hata moja katika kicheko kile.

Kesho yake ofisini, Mwingereza alikuja mezani kwangu kabla sijavua koti. Nilikuwa nimemwambia zamani, katika udhaifu, kwamba mama hajawahi kucheka kwa kazi yangu.

"Alikiangalia?"

"Alikiangalia."

"Alicheka?"

Ningeweza kumweleza yote. Nilimwangalia, mzee wa watu, shati halijapigwa pasi, macho yanangoja kama ya mgonjwa anayemsikiliza daktari.

"Alicheka mpaka akalia," nilisema.

Alifumba macho kidogo. Kisha akaniwekea mkono begani, mbele ya wale vijana wawili, akatangaza kwamba sasa mimi ni mwandishi wa vichekesho. Na mimi niliyeacha kazi ya heshima ili siku moja mtu aniambie maneno hayo, nikasema asante.