Neno Moja Lililonivua Tepe

Siku ya kwanza kazini sikupewa bunduki. Nilipewa kalamu na rejista. Sajini meja wa masijala, yaani chumba cha mafaili ya kambi, alinionyesha kabati la chuma lenye mafaili ya mstari mwekundu. Hayo ndiyo ya siri. Kila anayechukua moja hutia sahihi, naye karani husahau alichopiga chapa. "Wewe sasa ni sehemu ya kabati," aliniambia. "Kabati haliongei."

Nilikuwa karani hodari, sioni haya kujisifu. Nilihudumu kaskazini chini ya meja aliyejioshea kikombe chake, kisha makao makuu chini ya luteni kanali aliyeamini hata paka ni jasusi. Njia za malori, idadi ya risasi, yote niliyafungia kifuani. Mke wangu hakuwahi kujua hata nilipolala.

Kisha nikapiga chapa ripoti ya kifo cha Kibet, askari na jirani yetu wa kijijini Silibwet. Aliuawa ng'ambo ya mpaka. Chini iliandikwa: familia isiambiwe mpaka amri itoke. Miezi saba ikapita bila amri, na mama yake akipiga simu kambini anajibiwa kwamba mwanawe yuko kazini. Nilikasirika, nikanyamaza.

Nikiwa nyumbani likizo, mkaza mwana wa mama huyo, mke wa ndugu yake Kibet, alijifungua. Kwetu Kipsigis, akina mama huita majina ya marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na mtoto akipiga chafya, jina limekubali. Jina la aliye hai haliitwi kamwe, ni kama kumtakia kifo.

Mama Kibet alinifuata mpaka kwenye michai yangu.

"Arap Rono, tumeita majina yote, mtoto amekataa. Imebaki moja tu, na siwezi kuita kama mwenyewe ako hai. Wewe unaandika hizo mafaili."

Nikasema, "Muiteni."

Aliketi chini kati ya michai, akalia kidogo, akajifunga leso akarudi. Mtoto alipiga chafya.

Jumapili wakamwombea Kibet kanisani. Jumatatu kambi ilijua. Katika mahakama ya kijeshi, mwendesha mashtaka alinishtaki kwa kutoa siri.

"Ulimwambia maneno mangapi?"

"Moja, afande."

"Unajuta?"

"Hapana, afande. Hilo moja lilichelewa miezi saba."

Nilivuliwa tepe za sajini, nikafungwa, nikafukuzwa. Wenzangu waliostaafu kwa gwaride hunionea huruma. Wajionee huruma wenyewe. Vijana mnaokwenda jeshini, tunzeni siri, kwa sababu siri huokoa roho za wenzenu. Lakini ile iliyofichwa ili wakubwa wasiulizwe haikuwa ya kumwokoa mtu.

Nikiwa bado kizuizini, ofisa alipeleka barua rasmi ya msiba Silibwet. Mama Kibet hakuifungua. Alimpakatisha ofisa yule mtoto, akamwambia, "Mmechelewa. Kibet ameshafika nyumbani."