Ukuta Uliofika Juu

Dada yangu aliyeolewa huko juu Kiriri akija kututembelea Nyakabiga, hata hajakaa vizuri ameshashika kichwa. "Jamani, kelele hizi! Mnalala saa ngapi nyie?" Namjibu tunalala vizuri tu, asante. Ananiudhi. Yeye kwake kuna geti, mbwa, maua, na jirani ambaye hata sura yake haijui. Mimi na mama tunakaa chumba cha mwisho katika parsele, kiwanja kimoja chenye vyumba vilivyopangwa mstari mmoja. Bati moja limetufunika wote, choo ni kimoja, na bomba ni moja, linatoa maji likijisikia. Ndiyo maana kodi yake inalipika. Na ndiyo maana kuta zake, tulipohamia, hazikufika juu.

Sijui fundi aliishiwa matofali au mwenye nyumba aliishiwa hamu. Ukuta ulipanda ukapita kidogo kichwa cha mtu mrefu, ukakomea hapo, na kati yake na bati pakabaki nafasi ya paka kupita. Paka walipita kweli, na sauti nazo zikapita. Mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, mama yangu alimwombea rehema kutoka cha mwisho. Na uradi aliousoma kila adhuhuri, majirani waliniambia, ulisikika hadi bombani.

Watu wa parsele wana adabu yao: unasikia, lakini hukusikia. Jirani akigombana na mkewe, kesho yake unawasalimia kana kwamba hukuwepo. Mama yangu adabu hiyo haikumwingia kabisa. Siku moja mume wa chumba cha katikati alikuwa anamwapia mkewe kwamba hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Mama akapaza sauti kutoka kitandani: "Muongo! Nimemusikia anakula sambusa hapa mulangoni!" Kicheko kilianzia kwetu kikafika bombani, na mke mwenyewe alicheka hadi akaacha ugomvi.

Lakini mama ana pumu. Si ile ya kukohoa kidogo ukanywa chai ya tangawizi ikapita. Hii humkaba mchana kweupe, hasa kiangazi, vumbi likitanda na mbabula, yale majiko ya makaa, zikifuka kila mlango. Ikimshika, hana sauti ya kuita mtu. Ana dawa yake ya kupuliza, tunaiita pompe, ila vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, hawezi kuibonyeza mwenyewe. Lazima mtu awe karibu ambonyezee. Na mimi nilikuwa nashona mapazia kwenye baraza la duka la vitambaa, mtaa wa Asiatique, kuanzia asubuhi hadi jioni. Nisiposhona, hatuli. Basi kila nilipotoka, moyo wangu ulibaki na swali moja tu: ikimshika leo, nani atasikia?

Aliyesikia alikuwa jirani wa upande wa pili wa ukuta, mama mmoja Mkongomani aliyekimbia vita Uvira. Aliishi peke yake. Alikaanga mandazi alfajiri, akayauza pale barabarani, na mimi nikitoka kwenda kazini yeye alikuwa anarudi na karai tupu. Kitanda chake kiliegemea ukuta uleule wa kitanda cha mama. Mara ya kwanza mama aliposhikwa mimi sipo, yeye alikuwa kwake anachambua maharage. Akasikia pumzi inapiga mluzi, akayamwaga maharage akaja. Jioni akaniambia, "Dada, we nenda kazini bila wasiwasi. Mi nikisikia pumzi ya bibi inalia, naingia. Na nikisikia kimya, naingia mbio zaidi."

Nilimshukuru kadiri nilivyoweza. Nilimletea vipande vya vitambaa, nikamshonea pazia la mlango lenye maua mekundu. Nilijiona mwenye bahati. Binti yake mmoja alibaki Uvira kwa bibi yake, na hilo hakupenda kulizungumza, nami sikumchokonoa. Uvira si mbali, ukipita Gatumba umefika mpakani. Lakini ng'ambo kukichafuka, Uvira inakuwa mbali kuliko Makka.

Mvua zilipokatika, mwenye nyumba akaja na mafundi. Alisema sasa na sisi tutaishi kisasa: ukuta hadi kwenye bati, na dari nyeupe juu, kila mtu na siri zake. Kodi ingepanda kidogo. Watu walishangilia, na mimi nilishangilia, kwa nini nidanganye? Nilikuwa nimechoka kunong'ona kwangu mwenyewe kama mwizi.

Mama peke yake alinuna. "Munanifunika kama sufuria," alisema, huku fundi akipanga matofali juu ya kichwa chake. Halafu akauelekeza mdomo ukutani. "Na huyu wa hapa, nani atamusikia?"

"Mama, yeye ndiye anakusikia wewe," nikamsahihisha.

Alinitazama kama anavyomtazama mtu aliyeunguza wali. "We nenda kazini," akasema.

Tukapanga lingine. Mama akishikwa, agonge ukuta kwa fimbo yake ya kutembelea, na jirani atakuja. Tulijaribu, mimi nikiwa upande wa jirani, mama upande wetu. "Inasikika, dada," jirani akasema, "lakini iko kama inatoka nyumba ingine." Kweli ilisikika hivyo. Nikajiambia bora inasikika.

Kimya kikaingia, jamani, kimya cha kuta nzuri. Sikujua tena nani kala nini wala nani kakosana na nani. Mama alilala ameuelekea ukuta, sikio amelibandika pale. Alipunguza maneno. Niliporudi jioni sikuulizwa habari za mjini. Nikadhani ni uzee unamwingia, ikaniuma.

Siku yenyewe nilikuwa barazani nakunja pindo la pazia, simu ikalia. Ni yule mke wa chumba cha katikati. "Kuja mbio. Mama yako iko chini." Petroli ilikuwa imepotea mjini, teksi zimelala. Nilikimbia kwa miguu kutoka Asiatique hadi Nyakabiga, kidole changu bado kina subana ya kushonea, naomba kila hatua, Ya Rabbi usimchukue, usimchukue mi sipo.

Nilimkuta ameketi chini, mgongo kwenye mwimo wa mlango wa jirani. Miguu mitupu. Kichwa wazi, yeye ambaye hata bombani haendi bila kujitanda kanga. Yule mke alikuwa amepiga magoti anambonyezea pompe mdomoni. Kifua cha mama kilikuwa kinapanda na kushuka kwa shida, lakini kilikuwa kinapanda. Nikaivua subana, maana mama alikuwa anaikodolea macho, nikamshika mikono, nikalia kama mtoto.

Nyuma yake mlango wa jirani ulikuwa wazi. Ndani hamkuwa na mtu. Godoro lilikuwepo, pazia la maua mekundu lilikuwepo. Sakafuni lilikuwepo beseni la unga wa mandazi aliokanda kwa ajili ya alfajiri ile. Ulikuwa umeumuka, ukafurika, ukaanza kukauka ukingoni.

Nilidhani mama alishikwa na pumu, akagonga, akakosa jibu, akajikokota kutafuta msaada. Alipopata pumzi akanikatalia. "Apana. Sikuwa na kitu. Niligonga kujua kama yuko. Akanyamaza. Nikagonga tena, akanyamaza. Ndiyo nikatoka." Pumu ilimshika hapo nje, kwa kutembea na kwa hofu.

"Mama, ungekufa!"

"We ulidhani mi nasoma uradi kwa sauti kila adhuhuri kwa ajili gani?" Aliongea kwa vipande, anavuta hewa, anaendelea. "Huyu mutoto wa hapa ukutani alikuwa analia kila mchana. Anaweka nguo mudomoni analia. Akilia, mi nasoma. Akinyamaza, nanyamaza. Kuna siku nasikia anafunga mufuko, anataka kuvuka, anaenda kutafuta binti yake. Namwambia hapo juu ya ukuta: mwanangu, tulia, leo si siku ya kuvuka. Ananijibu ndiyo, mama. Anafungua mufuko. Mara ngapi nimemuzuia! Tangu muweke hii kitu, sijui kama analia ao analala."

Michana yote hiyo mimi nilikuwa Asiatique, nashona kwa raha, najiambia mama yangu ana mtu wa kumsikiliza.

Mwanamke aliyeuza mandazi pamoja na jirani ndiye aliyetueleza. Alfajiri simu ilikuja kutoka ng'ambo: watu wamekimbia mtaa, na binti haonekani. Jirani yetu hakuuliza mara mbili. Alivaa viatu akaenda. Nimeipiga namba yake hadi kidole kimechoka. Haipatikani.

Sasa cherehani nimeihamishia hapa chumbani. Wateja wanaonifuata huku ni wachache, lakini siwezi tena kumwacha mama. Chumba cha jirani amepewa kijana mmoja wa ofisini, mpole, anashinda kazini na akirudi anaziba masikio kwa muziki wake. Dada yangu wa Kiriri alikuja juzi, akaketi, akasikiliza, akatabasamu. "Alhamdulillah! Sasa mnaishi kama watu." Nilimwambia anywe chai yake aende. Alikasirika, na mimi nilikuwa nimekasirika zaidi yake.

Mwenye nyumba naye amepita jana, anacheka. "Mwambie bi mkubwa apunguze kugonga. Rangi inabanduka, na ukuta bado mpya." Nikamjibu sawa, nitamwambia. Nilipoingia ndani sikumwambia kitu, nikarudi kwenye pazia langu.

Adhuhuri ilipofika mama alisali, akachukua fimbo yake, akaninyooshea mkono nisimamishe cherehani. Nikasimamisha. Akagonga ukuta, akabandika sikio. Nikasogea na mimi, nikabandika langu karibu na lake.