Siku Niliyomwandika Baba Mkwe

Siku nitakayokusimulia, mwanangu, ilikuwa ya upepo, ule upepo mkavu wa Julai unaotukausha midomo sisi wa milima ya Mbozi mpaka kucheka kunauma. Nilikuwa mke kijana, nimeolewa Iyula. Mume wangu Yotamu alikuwa Rodesia ya Kaskazini kwenye migodi ya shaba, nami nilibaki kwa wazazi wake kama walivyobaki wake wengi wa wakati ule. Mwingereza bado ndiye aliyekuwa mkubwa wa nchi. Kahawa ilikuwa imeanza kutuezekea nyumba kwa bati, na wakulima wa kwetu wakakubaliana kujenga ghala lao wenyewe, la matofali ya kuchoma. Nakueleza haya kwa sababu nasikia umepewa daftari la kuandika ajali kwenye majengo, na nasikia pia unaona haya kulifungua mbele ya watu waliokuzidi umri. Kaa basi, nikupe ya kwangu.

Fundi mkuu wa ghala lile aliitwa Lazaro. Naye aliwahi kufanya kazi migodini, akarudi na kifua kibovu na sharti moja ambalo hakulilegeza kwa mtu yeyote. Kila jioni, kabla vyombo havijaoshwa, watu wote wakae juu ya matofali, kila mmoja aseme kilichomwendea vibaya siku hiyo, hata kama hakuna tone la damu lililomwagika. Yatakayosemwa yataandikwa, kisha yatasomwa kwa sauti mbele ya wote. Alikuwa akiuliza, "Haya, nani leo kaponea chupuchupu?" Vijana wakalibatiza lile daftari jina, wakaliita daftari la chupuchupu.

Siku moja mtu alimuuliza kwa nini anajisumbua kuandika mambo ambayo hayakumuumiza mtu. Fundi Lazaro akajibu polepole, "Kule mgodini rafiki yangu alipokufa tulimwandika vizuri sana. Lakini lile jiwe lililomuua lilikuwa linadondosha vipande wiki nzima, na vile vipande hakuna aliyeviandika."

Macho yake yalikuwa yameharibiwa na chokaa. Kusoma aliweza, akilishika daftari mbali na uso, ila kuandika kulimtesa. Akauliza nani anajua kuandika vizuri, watu wakanionyesha mimi mchota maji, maana nilikuwa nimesoma shule ya misheni. Wanaume walicheka sana. Karani wa kike, tena mwenye debe kichwani! Niliwaacha wacheke, kwa sababu kusema kweli nilikuwa nimefurahi mpaka usingizi ukanipaa.

Sasa shida ilikuwa moja. Mwashi hodari kuliko wote pale alikuwa baba mkwe wangu.

Ninyi vijana mmekulia wakati mwingine, kwa hiyo nieleze. Kwetu mke wa kijana hakumtaja baba mkwe jina. Hakumtazama usoni, hakupishana naye njiani. Akimwona anakuja anaingia majanini mpaka apite. Nikiwa na neno kwake nilimwambia mama mkwe, naye alilifikisha. Pale kwenye jengo nilikuwa naweka debe chini, nakohoa, naondoka, ndipo yeye anakuja kunywa. Usidhani niliona ni mateso. Ilikuwa heshima, na ilinilinda na mimi pia, kwa sababu hakuwahi kunifokea hata siku moja. Angenifokeaje? Mpaka leo, na mifupa yake imekwisha kuwa udongo, sitakutajia jina lake, na wala usiniulize.

Asubuhi hiyo nilikwenda na maji upande wa mashariki. Baba mkwe alikuwa juu ya jukwaa peke yake, anamalizia matofali ya mwisho ili kesho yake kenchi za paa zipandishwe. Jukwaa letu lilikuwa la mirunda, miti mibichi iliyofungwa kwa kamba za magome. Mirunda ya namna hiyo ikikaushwa na upepo hunywea, na kamba iliyobana jana leo unaikuta inacheza. Nikasikia kitu kinaalika. Nilipoinua macho, baba mkwe alikuwa ananing'inia. Mikono imeshika ukingo wa ukuta, miguu inapiga hewa, na kaptula yake, nisamehe mwanangu, kaptula yake imenasa kwenye ncha ya mrunda na imebaki huko huko.

Debe lilinidondoka. Niligeuka haraka nikajifunika uso kwa kitenge. Nilitaka kupiga kelele, nikakosa jina la kuita. Nimwite nani? Jina lake sikuruhusiwa kulitoa mdomoni, na wengine wote walikuwa upande wa pili wanakoroga udongo na kuimba, upepo unachukua sauti zao kuzipeleka bondeni. Kabla sijajua la kufanya nikasikia kikohozi juu, kile kikohozi cha mtu anayetaka ijulikane kwamba ni mzima. Alikuwa amepata pa kukanyaga. Nikaokota debe langu nikaenda zangu bila kugeuka, nimelowa mpaka magotini.

Jioni tukakaa. Kijana mmoja Mndali alisema nyundo imempiga kidole. Mwingine alikanyaga msumari, akaonyesha unyayo wake mpaka tukamwambia aushushe. Baba mkwe alikuwa amekaa kimya, kaptula imebanwa kwa kipande cha waya.

"Basi? Hakuna mwingine?" akauliza fundi Lazaro.

Kalamu ninayo mkononi. Niliwaza, kesho baba mkwe atasimama kwenye jukwaa lile lile kupokea kenchi, na nusu ya watu hawa watakuwa pamoja naye. Nisipoandika, wataanguka. Nikiandika, ninatangaza kwamba nimeona kisichoonwa na mkwe. Nilimjua mwanamke wa ukoo wetu aliyerudishwa kwao kwa kosa dogo kuliko hilo, na mume wangu alikuwa mbali, asingeweza kunitetea. Niliipenda ile nyumba. Nilikuwa na hofu, na sioni haya kuisema.

Nikapiga moyo konde, nikaandika: "Jukwaa la mashariki, karibu na dirisha, kamba imeachia. Mtu ameponea chupuchupu."

Fundi Lazaro akalichukua daftari, akalipeleka mbali na uso wake, akasoma kwa sauti. Kisha akanitazama.

"Mtu gani?"

"Mtu," nikasema.

"Enesi, mtu gani?"

"Mtu wa mashariki, fundi."

Wakaangua kicheko, maana kila mmoja alijua nani alikuwa mashariki siku nzima. Baba mkwe akaanza kukusanya vyombo vyake kama asiyesikia. Fundi akamtazama yeye, akanitazama mimi niliyeinamisha kichwa, akaelewa. Akasema, "Jina tuliache. Twendeni tukaione hiyo kamba." Walipoushika ule mrunda ulitoka wenyewe kwenye kamba zake. Wakapima na mingine, wakakuta mingi inacheza. Walifunga upya upande wote ule, kwa mirunda mikavu, mpaka jua likazama.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Nilipoingia jikoni mama mkwe alikuwa ananisubiri.

"Ulimwona?"

"Nilimwona, mama."

"Ulimwona akoje?"

Nikainama nikaupuliza moto, ingawa ulikuwa unawaka vizuri tu.

"Mkwe haonwi," akasema. "Na ikitokea ameonwa, hasemwi. Wewe umemtia kwenye daftari asomwe mbele ya vibarua!"

"Sikuandika jina, mama."

"Jina la nini, na huko mashariki yuko peke yake? Utatoa kuku wa kumwomba radhi. Na kaka yako nitamwita, aje tuzungumze."

Kuita kaka, mwanangu, maana yake ni kwamba huenda ukaondoka naye. Nililia. Nilikunja vitenge vyangu vichache nikaviweka kwenye kikapu, nikijiambia kwamba ni afadhali nionekane nimejiandaa kuliko kuonekana nimefukuzwa.

Kesho yake mama mkwe aliniacha niende na maji, nadhani kwa kuogopa maneno ya watu. Kenchi zikaanza kupanda. Ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili walipoifikisha juu iliwaponyoka upande mmoja, ikashuka na uzito wake wote juu ya jukwaa la mashariki, na watu wamesimama pale wamejaa, baba mkwe katikati yao. Jukwaa likalia, likatikisika, mimi nikafumba macho. Nilipoyafumbua lilikuwa limesimama, na wale watu wamesimama juu yake, wanatazamana, hakuna anayetania. Niliona baba mkwe anainama, anaishika ile kamba mpya ya karibu na dirisha, anaivuta. Halafu akaendelea na kazi.

Mchana alitoweka kidogo. Jioni tulipokaa juu ya matofali alikuja amembana kwapani kuku jike mweusi, na waliomwona wakaanza kugusana mabega. Fundi Lazaro alikuwa hata hajauliza swali lake. Baba mkwe alisimama, akaugeukia ukuta ili asinielekee mimi, akasema:

"Fundi, mwambie karani wako hivi. Jana aliyening'inia ni mimi. Ile kamba niliifunga mwenyewe. Na nilinyamaza kwa sababu ya kaptula."

Hapo walicheka mpaka yule Mndali akaanguka kutoka juu ya matofali. Baba mkwe akawasubiri wamalize.

"Chekeni. Lakini ingekuwa kwa kunyamaza kwangu, leo mngekuwa mnatufukua chini ya kenchi. Fundi, nasikia mke wangu amemwambia karani atoe kuku. Mwenye kutoa kuku ni mimi. Huyu hapa, ni wa kumfungulia mkono, aandike jina langu kama anavyoandika ya wengine. Mkono tu! Mdomo ubaki ulivyo."

Fundi Lazaro akanigeukia kwa uso mkavu kabisa, kana kwamba sikuwa pale na sikusikia. "Karani, unaambiwa uandike."

Niliandika. Herufi zilitoka kubwa na kupinda kama za mtoto wa darasa la kwanza, lakini nililiandika jina lote, la ubatizo na la ukoo. Fundi akalisoma kwa sauti. Baba mkwe akaitika, "Ndiye," akamweka kuku chini karibu na debe langu, akakohoa, akaondoka.

Mama mkwe aliponiona naingia uani na yule kuku alimtazama kuku, akanitazama mimi, kisha akaniuliza kama chumvi ya mchuzi bado ipo. Kaka yangu hakuitwa. Vitenge vyangu nikavirudisha mahali pake, na katika nyumba ile nilizaa watoto wangu wote. Kule kwenye jengo nako mambo yaligeuka. Wanaume waliokuwa wakificha makosa yao sasa walikuwa wanagombania kusema kwanza, kila mmoja anataka chupuchupu yake imshinde mwenzake, mpaka fundi ikabidi awaambie wasitie chumvi. Ghala likamalizika na hakuna mtu tuliyemzika.

Basi ninachokuambia ni hiki, mwanangu. Ukiona kamba imelegea, iandike siku hiyo hiyo, usingoje mpaka mtu aanguke ndipo uchukue kalamu. Usipime kwanza huyu ni nani, ni mkubwa wako, ni mjomba wako, ni mzee wa kanisa. Wote wana mifupa. Ukishindwa kuandika jina andika mahali, andika kitu chenyewe, watu waende wakakitazame. Lakini usiandike ili kumfedhehesha mtu. Akigundua kwamba daftari lako ni la kumcheka atakuficha, na siku atakayokuficha ndiyo siku ya msiba. Na ukipanda cheo ukawa wewe ndiye mkubwa, simama wa kwanza useme lako mbele ya wadogo, hata kama ni la kaptula. Mimi naamini siku zile baba mkwe aliokoa watu mara mbili, nafsi yake aliposhika ukuta na sisi sote aliposhika yule kuku, na hiyo ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu kwake.

Nenda kazini sasa, wasikungoje. Mungu akupe jicho la kuona na moyo wa kutonyamaza. Na kila utakayemwamkia asubuhi kwenye jengo lako, akujalie umuage jioni akiwa anatembea kwa miguu yake mwenyewe.