Namba ya Mlinzi wa Usiku

Ofisi nzima ilimwita Bi Namba, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kugawa namba ndani ya kompyuta kuu, maana mashine haijui jina la mtu wala cheo chake, inajua namba tu. Namba kubwa zilikuwa za watu, tele. Ndogo zilikuwa chache, zimetengewa programu zinazoitumikia mashine yenyewe: moja ya barua, moja ya kuchapa, moja ya kutunza nakala, na kila kundi la programu nalo likidai yake.

Wakubwa waliposikia kuna namba ndogo, kila mmoja akaitaka. Mtu na shahada zake akae nyuma ya programu ya kuchapa? Bi Namba naye, tuseme kweli, alipenda kubembelezwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: akagawa, na moja akajiwekea mwenyewe. Zikabaki za programu zinazofanya kazi tu. Ndipo mkurugenzi akamleta shemeji yake.

"Mama, huyu mpe ndogo."

"Zimekwisha, mkubwa."

"Basi mnyang'anye mtu."

Mkurugenzi akapitisha kidole kwenye skrini, akasimama penye ile ya nakala. "Huyu nani?"

"Programu, mkubwa. Usiku inatunza nakala za kumbukumbu zetu za utumishi. Zikipotea, hatuna cha kustaafia."

"Mimi simjui. Hajawahi hata kunisalimia. Mfute."

Bi Namba angeweza kutoa ya kwake. Akaifikiria, akaionea uchungu, akamfuta mlinzi yule wa nakala, namba yake akampa shemeji.

Mashine haina maswali: mali ya namba ni ya mwenye namba. Shemeji akajikuta amerithi diski nzima ya mafaili asiyoyajua. Akaona takataka, akafagia zote, akapata pa kuwekea mechi zake za mpira.

Mwaka wa kustaafu mkurugenzi, ambao ulikuwa wa Bi Namba pia, diski ya kumbukumbu za utumishi ikafa. Mkurugenzi akaja mbio, tai imekwenda upande.

"Mama, nitafute kwenye nakala."

Akatafuta kwa jina, akatafuta kwa namba.

"Wewe humo, mkubwa. Na mimi simo."

"Sasa yumo nani?"

Bi Namba akamgeuzia skrini. Alikuwemo shemeji peke yake, na mechi zake zote, hadi zile za kirafiki.